Bweni, Kiranja na Somo: Maneno ya Jando katika Shule, na Jamaa za Mtoto katika Nchi ya Singida

Maneno mengi tuyatumiayo kila siku katika shule za bweni yalikuwa na kazi nyingine kabla ya kuja ubao na chaki. Bweni lilikuwa nyumba ya kulala vijana wasiooa. Kiranja alikuwa mtoto wa kwanza katika kundi la jando, yule aliyetangulia mbele ya ngariba ili wenziwe wamwone na kujipa moyo. Somo, licha ya kuwa jambo lisomwalo, ni mtu: ni mwanamke amfundishaye mwari mambo ya utu uzima, naye huendelea kuwa mshauri wake hata akiisha kuolewa. Na ada, ambayo kwa mzazi wa leo maana yake ni fedha ya shule, asili yake ni desturi, kisha yale malipo ya desturi yatolewayo kwa kungwi, kwa ngariba, au kwa watu wa arusi, kila mmoja kwa haki yake.

Walioyatia maneno hayo shuleni walikuwa na macho. Waliona watoto wamekusanywa mbali na mama zao, wanalala chini ya dari moja, wanafundishwa na wakubwa wasiowazaa, wanavumilia njaa kidogo na baridi kidogo, na mmoja wao amewekwa kuwatangulia wenziwe. Wakasema: jambo hili twalijua. Lakini tukilinganisha mambo yenyewe, wala si majina tu, twaona tofauti moja kubwa, nayo ndiyo itupasayo kuiangalia sisi tulio waalimu. Katika jando na unyago jamaa za mtoto walikuwamo. Chakula cha wari kilitoka nyumbani kwao. Kungwi alichaguliwa na jamaa, wala hakuwa mgeni. Baba alijua ni nani amlindaye mwanawe usiku. Tena siku ya kutoka, ukoo mzima ulikuja kumpokea kwa nguo mpya na vigelegele, naye akawa mtu wao kupita alivyokuwa kwanza. Shuleni majina yalihamia, wenye majina wakabaki nje ya ua.

Sababu ya jambo hili si ubaya wa mtu; sababu ni historia. Shule za kwanza za bweni za misheni katika pwani yetu hazikuwekwa kwa ajili ya watoto wenye wazazi. Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868. Kiungani katika Unguja, shule ya misheni ya UMCA. Na Freretown karibu na Mombasa, mji ulioanzishwa na CMS mwaka 1875. Zote zilipokea watoto waliookolewa katika majahazi na misafara ya watumwa. Mtoto wa namna hii alikuja hana baba wa kuitwa, hana mjomba, na pengine hata kijiji chake hakijui tena kwa jina. Basi misheni ikawa kwake baba na mama, ukoo na mji. Kengele iliamua saa ya kula na saa ya kulala, na wakubwa wa misheni walishauri hata juu ya atakayeoa na atakayeolewa. Hatuwezi kuwalaumu watu wale kwa kutomwita mzazi shaurini, maana mzazi hakuwapo. Tunalotaka kusema ni hili: sheria za bweni zilitungwa kwa ajili ya yatima, kisha zikachukuliwa bara na kuwekwa juu ya watoto wenye ukoo mzima nyuma yao.

Kwa njia ya pili ilikuja desturi ya Waingereza. Thomas Arnold, aliyeanza kuiongoza shule ya Rugby mwaka 1828, aliwapa wanafunzi wakubwa mamlaka juu ya wadogo, akatumaini kwamba tabia ya kijana itatengenezwa na kanisa la shule pamoja na mkubwa wa bweni. Nyumba ya wazazi katika mpango huo ilikuwa mahali pa kwenda likizo. Mpango huo ulifika Buganda pamoja na shule ya Budo mwaka 1906, ukafika Tabora mwaka 1925, serikali ilipofungua shule yake kwa kufikiri hasa wana wa watemi. Tabora ni jirani wa Singida kwa upande wa magharibi, na sura ya bweni iliyoonekana huko, yaani kiranja, kengele, foleni, ukaguzi wa vitanda na kazi za mikono, ndiyo watu wa bara waliyoizoea kuwa sura ya shule yenyewe.

Basi na tuitazame nchi ya Singida. Mkoa huu, uliofanywa mkoa mwaka 1963, si nchi ya kabila moja wala ya namna moja ya lugha. Katikati wako Wanyaturu, ambao wengine huwaita Warimi. Kaskazini na magharibi Wanyiramba, na jirani zao Wanyisanzu. Kusini, upande wa Manyoni, Wagogo na Wakimbu. Hao wote husema lugha za Kibantu. Lakini katika mbuga wamo Wataturu na Wabarabaigi, wafugaji wenye lugha ya jamii nyingine kabisa, na upande wa Mkalama, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi na haina ndugu aliyethibitika. Mwalimu aliyesoma pwani akaitwa kufundisha hapa huwakuta watoto hawa wote katika bweni moja, wamevaa kaptula za rangi moja, na ni rahisi akadhani kwamba nyuma ya kila kaptula kuna nyumba ya namna moja.

Misheni ya Leipzig ilifika Iramba mwaka 1911. Vita iliyoanza 1914 iliivuruga kazi ile, na katika miaka ya 1920 Waluteri wa Marekani, wa sinodi ya Augustana, waliishika. Kinampanda pakawa mahali pa kufundishia waalimu, na Kiomboi mahali pa hospitali. Wakatoliki walikaa Makiungu na kwingineko katika Unyaturu; CMS walikuwa Kilimatinde, katika nchi ya Manyoni. Misheni hizi zote ziliona haja ya bweni, na haja hiyo ilikuwa ya kweli. Kabla ya watu kukusanywa vijijini katika miaka ya 1970, makao ya Mnyaturu yalikuwa tembe moja na zizi lake, na tembe ya jirani iko ng'ambo ya mashamba. Mvulana aliyekuwa na ng'ombe wa kuchunga alifika darasani leo, kesho hakuja. Kumlaza shuleni kulikuwa ndiyo njia ya kumpata.

Lakini kumpata mtoto ni jambo moja. Kujua ni mtoto wa nani ni jambo jingine, na hapo ndipo twapenda kukaa kidogo.

Karatasi ya kumwandikia mtoto katika shule ya bweni ina mstari wa jina la mzazi au mlezi. Mwalimu huuliza, baba hujibu, jina huandikwa, na tangu siku hiyo barua zote humwendea yeye: za sifa, za deni, za makosa. Kwa Wanyaturu mambo hayo yaenda vema kiasi, kwa kuwa ukoo wao hufuata upande wa baba. Hata hivyo, zamani Mnyaturu mwenye wake wengi hakuwa na mali moja isiyogawanyika. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba ile ilikuwa na mashamba na ng'ombe wake, urithi wa wana wa mama yule. Mwalimu aliyetuma barua kwa baba akitaka auze ng'ombe kwa ajili ya ada, pengine alimtaka auze ng'ombe wa nyumba fulani, na mama wa nyumba ile hakuulizwa. Kisha alishangaa ada inapochelewa, akaandika katika daftari yake kwamba mzazi hapendi elimu.

Kwa Wanyiramba na Wanyisanzu jambo ni kubwa zaidi. Hao kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mamaye. Mrithi wa mtu alikuwa mwana wa dada yake. Na mjomba, yaani ndugu mume wa mama, alikuwa na neno katika mahari, katika kesi, na katika maonyo. Baba alimpenda mwanawe, alimlisha, alimfundisha kulima, lakini palipotokea jambo zito la tabia, wizi, matusi kwa mkubwa, au msichana kupata mimba, aliyeitwa kwanza hakuwa baba peke yake. Siku hizi mengi yamegeuka, na watu wengi wa Iramba hurithisha wana wao kama wafanyavyo wengine. Lakini heshima ya mjomba haikufa, nayo yaonekana hasa siku ya taabu. Sasa tazama: shule yamwita baba kwa ajili ya kosa la mwanawe, baba aja peke yake, asikiliza kwa adabu, aitikia kila neno, arudi nyumbani, na hapana linalobadilika. Mwalimu husema mzazi huyu ni dhaifu. Twadhani mara nyingi hakuwa dhaifu. Aliitwa kuhukumu jambo ambalo kwao hahukumu mtu mmoja.

Haya si mambo ya kuwafurahisha wataalamu wa desturi tu. Mtoto wa miaka kumi na minne ana akili. Aona kwamba shuleni ana mkubwa mmoja asiyemjua mjomba wake, na nyumbani ana mjomba asiyemjua mkubwa wa shule. Kati ya hao wawili pana nafasi, naye hujifunza upesi kukaa katika nafasi ile. Kule nyumbani husema, shuleni tumefundishwa hivi. Shuleni husema, kwetu ni desturi. Tabia ya namna hii haitokani na bweni wala na nyumba. Yatoka katika ufa uliopo kati yake.

Nchi hii yetu ilikwisha kuona majaribio ya kuziba ufa huo, na yafaa kuyakumbuka, maana hayakufanana wala hayakupata mwisho mmoja. Kusini, katika Masasi, misheni ya UMCA chini ya Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, ilichukua njia ya jando la Kikristo. Jambo hilo lilianza kabla ya hapo, siku za vita ya kwanza au mbele yake kidogo. Wavulana walikaa porini kama desturi, wazee na ngariba walikuwako, lakini kambi ilikuwa na mahali pa sala, na mapadre Waafrika walisimamia mafundisho yaliyotolewa. Lucas hakuwa mtu wa kusifu kila kilicho cha zamani. Mambo mengine aliyakata. Nguvu ya jaribio lake, kwa maoni yetu, ilikuwa katika hao mapadre wenyeji, ambao kila mmoja alikuwa mwana wa mtu na mjomba wa mtu katika nchi ile. Mzazi aliyempeleka mtoto kambini hakumkabidhi kwa mgeni. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, nayo haikufaulu vile vile, maana mafundisho ya wanawake yalikuwa katika mikono ya wanawake wazee, na misheni haikuwa na njia nyepesi ya kuwafikia.

Jaribio la pili lilikuwa la serikali, katika Malangali, nchi ya Iringa, mwaka 1928. Mkuu wa shule, W. B. Mumford, alitaka bweni lisilomtoa mtoto kwao. Wavulana walikaa katika nyumba za namna ya kwao, walivaa nguo za kienyeji, walifundishwa kutupa mkuki na kucheza ngoma, na wazee waliletwa kukaa shuleni ili kuwafundisha habari na desturi za makabila yao. Habari zake zilisomwa hata Ulaya, na wengi walizisifu. Lakini baada ya Mumford kuondoka mpango ule haukudumu, na Malangali ikawa shule kama shule nyingine. Sababu moja itupasa kuisema wazi: wazazi na vijana wenyewe hawakuwa wamepeleka watoto shule ili wajifunze mikuki. Mikuki waliijua. Walitaka hesabu, Kiingereza na kazi ya ukarani, nao walikuwa na haki ya kutaka hivyo. Mumford aliwaleta wazee ndani ya bweni ili wawe sehemu ya mafunzo. Hakuwauliza kwanza wanataka bweni lifanye nini. Kumwita mzazi awe pambo la sherehe si kumwita shaurini, na kosa hilo twaliona hata leo katika siku za wazazi ambazo wageni hukaa chini ya turubai, wakatazama ngoma, wakala pilau, wakasikia hotuba, wakaondoka bila ya kuulizwa neno.

Kuna mtu wa tatu wa kutajwa, naye alikuwa wa misheni ile ile ya Leipzig iliyofika Iramba. Bruno Gutmann alikaa miaka mingi Old Moshi, akaandika mafundisho ya jando ya Wachaga katika vitabu vitatu vikubwa vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Yeye alishika sana kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Kanisa halina ruhusa ya kuvikata, akawaunganisha vijana wa kipaimara katika vikundi vya kulindana kwa mfano wa rika. Wengi walimwona mtu aliyependa mno mambo ya kale. Hata hivyo, kama wenzake wa Leipzig wangalikaa Iramba pasipo kukatizwa na vita, pengine mjomba angalikuwa na kiti chake katika shule za huko tangu zamani.

Jambo moja la Kiomboi halipasi kupitwa. Hapo, katika Iramba, misheni ya Augustana iliweka pia shule ya bweni kwa watoto wa wamisionari wenyewe. Baba na mama walikuwa katika vituo vya mbali, hakuna shule ya Kiingereza karibu, basi watoto wao wadogo walipelekwa Kiomboi kulala. Kwa hiyo wale waliomweleza mzazi Mnyiramba faida za bweni waliijua gharama yake katika nyumba zao wenyewe. Twalitaja hili kwa heshima, kwa kuwa wako wasemao kwamba mzungu alibuni bweni ili kumnyang'anya Mwafrika mtoto. Bweni lilimnyang'anya kila mtu.

Lakini hakuna waliolipa zaidi kuliko Wahadzabe. Katika miaka ya 1960 serikali iliwahimiza waache kuhamahama, wakae Yaeda Chini, mahali ambapo leo ni katika mkoa wa Manyara, wapate mashamba, dawa na shule. Baadaye Munguli, katika Mkalama, nako kukawa kijiji chao. Watoto walikusanywa wakawekwa bweni, mara nyingine kwa nguvu. Wengi walitoroka. Mtoto wa Hadza hufundishwa kwa kufuatana na wakubwa, kuchimba mizizi, kupanda mbuyu kwa ajili ya ubuyu, kumfuata ndege aongozaye kwenye asali. Hapigwi sana wala haamrishwi sana, na kambi ikihama naye huhama. Bweni lilimwambia akae mahali pamoja wakati mama yake hana mahali pamoja. Siku ya kufunga shule hakujulikana kambi iko wapi. Waliotoroka waliitwa wakaidi. Sisi twaona walikuwa wakienda kutafuta watu wao kabla njia haijapotea. Hapo haitoshi kuandika majina mawili katika karatasi. Hapo bweni lenyewe, saa zake na miezi yake, halina budi kubadilishwa, la sivyo litajaa na kupukutika kila mwaka.

Wasomaji wengine watasema: mwasifu ukoo, na ukoo huo huo ndio wenye desturi zimwumizazo mtoto. Neno hilo ni zito, wala hatulikwepi. Katika Singida ukeketaji wa wasichana ulienea sana. Katika hesabu ya serikali ya 2015–16, karibu wanawake 31 katika kila 100 wa miaka 15 hata 49 katika mkoa huu walikuwa wamekeketwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikataza jambo hilo kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na waalimu wamekuwa wakilikataza muda mrefu kabla ya hapo. Lakini angalia lililotokea. Tangu miaka ya 1970 ilianza kusikika katika Singida na Dodoma habari ya ugonjwa uitwao lawalawa, maradhi ya sehemu za siri ya watoto wachanga, na watu wakaamini kwamba dawa yake ni kukeketa. Hivyo desturi iliyofanywa kwa msichana mkubwa mbele ya ukoo ikahamia kwa mtoto mchanga, ndani ya nyumba, kwa siri. Mwanafunzi wa bweni aliyefundishwa kulichukia jambo lile alirudi likizo, akamkuta mdogo wake limekwisha kumpata kabla ya kujua kusema. Waganga wa hospitali wajua kwamba maradhi yale huponywa kwa usafi na dawa za kawaida. Aliyehitaji kuambiwa hayo kwa subira, kwa Kinyaturu, na mtu anayemheshimu, ni bibi. Naye bibi hakuwa na mstari katika karatasi yoyote ya shule. Shule ilimfundisha mjukuu, ikamwacha mwalimu wa mjukuu.

Kwa hiyo hatusemi kwamba shule iitikie kila asemalo mzee. Twasema kwamba huwezi kubishana na mtu ambaye hujamwita.

Serikali ya nchi iliyo huru ililiona tatizo la bweni mapema. Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alilala katika mabweni ya Tabora tangu 1937, aliandika mwezi wa Machi 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alilalamika kwamba shule humtenga kijana na jamii yake, humfanya afikiri kwamba wazazi wasiosoma hawana la kumfundisha. Dawa yake ilikuwa shamba: kila shule iwe na mashamba, wanafunzi walime, wasiwe mabwana wadogo. Shule nyingi zilipata mashamba. Lakini katika mahali pengi shamba likawa kazi ya mwalimu wa zamu na adhabu ya mchelewaji, na baba mwenye kujua namna ya kutia samadi ya ng'ombe katika shamba la uwele, ambayo ni ujuzi wa Wanyaturu wa tangu zamani, hakuitwa kuja kuonyesha. Kiranja alisimama na daftari akihesabu matuta.

Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kukataza bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hata darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalum, na sababu moja iliyotolewa ni kwamba mtoto mdogo hukosa malezi ya jamaa na desturi za kwao. Sisi tuliupokea waraka huo kwa furaha, ingawa twajua kwamba katika miji mikubwa wako wazazi waliolalamika, maana wao ndio waliomtafutia mtoto wa miaka sita bweni, si kwa sababu ya umbali, bali kwa sababu ya kazi zao. Hao ni mayatima wa namna mpya, wenye baba na mama walio hai. Katika Singida waraka ule uliwagusa wachache kuliko Dar es Salaam. Lakini ni mara ya kwanza, kwa kadiri ya kumbukumbu zetu, bweni kuwekewa mpaka kwa ajili ya nyumba.

Limebaki neno la majira, ambalo ni dogo lakini lina uzito katika nchi kavu. Singida hupata mvua mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Shule hufunguliwa Januari. Mwezi huo ghala ya mwaka jana imekaribia sakafu, mazao mapya hayajakomaa, kila mkono uko shambani kupalilia, na mito mikavu inajaa maji. Mwezi huo huo ndio shule nyingi za bweni hudai ada na mahitaji, godoro, ndoo, jembe, sare, na kuita kikao cha kwanza cha wazazi. Mzazi huja akiwa na deni na aibu, au hamtumi mtu. Mwalimu huhesabu viti vitupu, akasema wazazi wa huku hawashirikiani na shule. Lakini mwezi wa Juni na Julai uwele na mtama umekwisha kuvunwa, alizeti imekwisha kuuzwa, na ndio wakati ambao zamani sherehe nyingi za ukoo zilifanywa, kwa sababu kulikuwa na chakula na watu walikuwa na nafasi. Wazee wa jando walijua kalenda ya nchi yao. Ada yao waliiomba wakati wa mavuno.

Tumeongea na waalimu wa huku juu ya mambo haya, na maoni yao hayakuwa mamoja. Wengine wasema kikao cha Julai ni kuchelewa mno, mtoto atakuwa amekwisha kukosea nusu ya mwaka. Wengine waogopa kwamba ukimwita mjomba pamoja na baba utaingia katika ugomvi wa koo ambao si wa shule. Hofu hiyo si ya bure, lakini ugomvi huo mtoto analala nao hata hivyo, ila mwalimu haujui. Wengine wameuliza juu ya lugha: shule yenye amri ya kusema Kiingereza peke yake ndani ya ua, itafanyaje na bibi asiyejua ila Kinyaturu? Hapa jibu letu ni fupi. Amri ile ni ya wanafunzi katika masomo yao. Haikuwekwa juu ya mgeni, na mjukuu asiruhusiwe kumjibu bibi yake kwa lugha ambayo bibi haijui.

Kwa shule ambazo zitapenda kujaribu, twapendekeza mambo machache. Karatasi ya kuandikisha iwe na mstari wa pili, na mtoto mwenyewe aulizwe: ni nani nyumbani kwenu akikuonya wewe hunyamaza? Jina atakalolitaja ndilo la kuandika, awe mjomba, bibi, au kaka. Msichana awe na somo, kwa maana ya zamani ya neno hilo, mwanamke wa heshima wa kanisa au wa kijiji aliyekubaliwa na mama yake, ambaye aweza kumwendea pasipo kupitia ofisini. Kiranja apelekwe kusalimu wazazi wa walio chini yake wanapofika, awajue kwa majina, nao wamjue aliyepewa usiku wa watoto wao. Na kikao kikubwa cha mwaka kiwekwe baada ya mavuno, mwezi wa Julai, wakati mzee wa Ndago au Kinyangiri aweza kuiacha nyumba yake siku mbili asihofu shamba, na njia imekauka.